Chupa Zenye Jina la Albertine

Kinshasa, tarehe 9 Septemba 2024

Mama Mudogo mpendwa,

Jambo sana kutoka huku. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wote wa nyumbani, na kwamba goti lako limeacha kukusumbua. Sisi tuko salama. Yannick siku hizi anarudi kutoka kazini mapema na kuuliza kwa nini chakula hakijaiva, kana kwamba yeye hana mikono. Mtoto wetu anaota meno. Ameuma kila kitu kilichomo nyumbani, pamoja na baba yake.

Barua inakuja na sanduku la barafu. Usishtuke ukilifungua, ndani mna chupa tupu. Unajua kazi yangu ya udaktari wa chuo (siyo udaktari wa kutibu, mweleze jirani Adolphine asije akakuomba dawa). Natafuta jibu la swali moja: mvua ikinyesha Kindu, maji yanayoshuka kwenye mitaro yatakuwa machafu kiasi gani, na je, tunaweza kujua kabla hayajashuka? Vijana wa chuo watachota kwenye mtaro wa soko, wa hospitali na kule Alunguli. Lakini mtaro wa depo ya reli unapita nyuma ya nyumba yako, na mvua haimngoji mwanafunzi avuke mto. Ndiyo maana nakuomba wewe.

Jambo hili si la vitabu tu. Mwezi wa nne wakuu wa mji wataamua mtaro upi ujengewe ukuta na kugeuzwa, ule wa soko au ule wa depo unaomwagika kando ya chemchemi yenu. Saruji inatosha mmoja. Wamesema watafuata ramani ya uchafu nitakayochora kutokana na chupa hizi.

Mtaro ukianza kuvuma, jaza chupa ya kwanza, kisha nyingine baada ya kitambo, hadi mvua ikatike. Bwana Roger wa maabara ya kituo cha afya atapita kuchukua kidogo kwa ajili ya kupima vijidudu, maana hivyo havisubiri ndege. Kila chupa nimeibandika karatasi yenye mahali na jina la mchotaji. Nimeandika Depo, Albertine.

Tangu mama yangu Béatrice alipofariki wakati wa vita na wewe ukanichukua, sijawahi kukuomba kitu ukakataa. Najua nazoea vibaya.

Mtoto wako,
Odette

*

Kindu, tarehe 4 Oktoba 2024

Odette binti yangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili kwa sauti, ili Adolphine asikie kwamba wewe si daktari wa kutibu. Amesikitika. Alikuwa amekwisha kuandaa magonjwa.

Huku tunamshukuru Mungu. Ndugu yako Alain amerudi kutoka machimbo ya Pangi na kikohozi na suruali mpya, bila kitu kingine. Goti langu linafuata hali ya hewa, basi kama mashine yako ina shida ya kujua mvua, iniulize. Paa la jikoni limetobolewa na kutu.

Mvua ya kwanza imekuja baada ya jua refu. Niliposikia mtaro, nilitoka na beseni na mwavuli, na majirani wa avenyi nzima wakatoka kunitazama. Mzee Tharcisse, ambaye ameendesha treni miaka yote asiulize lolote, aliniuliza: "Mwalimu, unatafuta nini mu maji ya mvua?" Nikamjibu kwamba mtoto wa Béatrice ameyaagiza Kinshasa. Akasema basi yale njo maji ya kwanza ya Kindu kupanda ndege. Nilicheka, lakini moyoni nilijisikia mkubwa.

Binti wa jirani yetu Mimi, yule mdogo, aliugua tumbo siku mbili baada ya mvua hiyo. Amepona sasa. Kila mwaka ni hivyo, mvua ya kwanza inaleta furaha na kuhara.

Chupa zako nimezitunza vizuri, sitakuaibisha mbele ya wakubwa wako. Roger amechukua sehemu yake kwenye chupa hizo hizo. Nimefundisha watoto kusoma maisha yangu yote, na leo mmoja wao ananifundisha kusoma mtaro. Sijui kama unaelewa furaha ninayoisikia.

Mama yako mdogo,
Albertine

*

Kinshasa, tarehe 18 Novemba 2024

Mama Mudogo mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwa Yannick, ambaye jana alipika kwa mara ya kwanza na tulikula tukinyamaza. Mtoto anatembea akishika ukuta. Pole kwa Alain, mwambie aende kupimwa kifua kabla hajarudi shimoni.

Chupa zote zimefika, hata moja haijavunjika. Wewe ni mwalimu, acha nikueleze kama darasani. Kwanza nilitumia kanuni ya zamani ya takwimu, ambayo ni mstari mmoja ulionyooka: mvua ikizidi, uchafu unazidi. Ilinidanganya. Mvua ya pili mara nyingi ni kubwa kuliko ya kwanza na maji yake ni safi zaidi, kwa sababu ya kwanza imekwisha kuosha mapaa, soko na vyoo.

Basi nikachukua njia nyingine, ya mashine inayojifunza kutokana na mifano. Fikiria ukoo mzima umekaa kujadili mahari. Huyu anatazama jua limewaka siku ngapi kabla ya mvua, yule anatazama mvua imepiga kwa nguvu gani, mwingine anahesabu vyoo vya juu ya mtaro. Hakuna anayejua yote. Kila mmoja anasema lake, na tunachukua kauli ya wote pamoja. Halafu naipa mtihani: naficha chupa fulani ambazo haijawahi kuziona, naieleza mvua tu, na kuiuliza maji yalikuwaje. Kwenye soko imepatia vizuri, hata Alunguli. Siku ile nilitoka nje nikacheka peke yangu.

Ni kwenye depo tu haipatii. Inasema maji yatakuwa na matope mengi, nami nikitazama chupa zako, naona maji meupe. Kila mvua. Sijui kuna nini juu ya mtaro wenu. Je, kuna shimo ambamo maji yanatulia kwanza? Majani marefu? Kuna mtu amejenga kitu? Niandikie unachokiona, hata kama ni kidogo.

Mtoto wako,
Odette

*

Kindu, tarehe 20 Desemba 2024

Odette,

Tuko wazima. Noeli inakaribia na bei ya mchele imepanda. Alain amepimwa, kifua hakina ugonjwa mbaya, amekwisha kurudi Pangi. Nimesimamia ubatizo wa mjukuu wa Mzee Tharcisse, wamempa jina Zéphirin kwa heshima ya marehemu mume wangu. Nililia kidogo kanisani.

Juu ya mtaro hakuna shimo. Majani yapo, kama mahali popote. Hakuna mtu aliyejenga.

Sielewi maji yangu yana kosa gani. Ya wengine ni machafu, hawaulizwi kitu. Yangu ni mazuri, ndiyo naulizwa.

Chupa nyingine ziko ndani ya sanduku. Heri ya mwaka mpya kwa mume wako na mtoto.

Albertine

*

Kinshasa, tarehe 11 Februari 2025

Mama Mudogo mpendwa,

Heri ya mwaka mpya, ingawa tumekwisha kuuzoea. Barua yako imenifikia mwezi huu tu. Tangu vita irudi kule Kivu, ndege zimejaa watu na sanduku la barafu limekuwa abiria wa mwisho. Nasikia hata Kindu watu wanakuja na magodoro kichwani. Nakuogopea. Niambie kama kuna chakula, na usiniambie tu kwamba mnamshukuru Mungu.

Barua yako ilikuwa fupi, na najua maana ya barua yako kuwa fupi. Nilikaa siku kadhaa nikiogopa kujibu. Sasa sina tena muda, kwa sababu mwezi wa nne unafika. Nikiingiza chupa zako kama zilivyo, ramani inapaka depo rangi ya kijani, yaani mtaro salama. Saruji itakwenda sokoni, na mtaro wenu utaendelea kumwagika kwenye chemchemi.

Nilimwonyesha Profesa Okito, msimamizi wangu. Alitazama akasema: "Zile chupa za depo, utoe. Muchotaji iko na makosa." Nikamwambia mchotaji ni mama yangu. Akaomba radhi, lakini hakubadilisha neno lake. Nikizitoa, depo itabaki bila rangi kwenye ramani, na mahali pasipo na rangi hawajengi.

Kilichonisumbua zaidi ni hesabu za Roger. Matope na vijidudu husafiri pamoja, ndivyo ilivyo kwenye kila mtaro. Kwenu matope hayapo, lakini vijidudu vipo kama vya soko. Mashine ilikuwa ikirudia kuniambia kwamba hapa matope yalikuwepo. Nilidhani ina kichwa kigumu.

Juma lililopita mgeni aliingia nyumbani, akaomba maji. Mikono yangu ikachukua kitambaa yenyewe, nikakikunja, nikakiweka juu ya birika. Yannick akauliza ninafanya nini, maana maji yalikuwa ya chupa ya duka. Ndipo nilipokuona, Mama Mudogo, wakati wa vita, umeinama juu ya beseni na kile kitambaa cheupe cha meza ya harusi yako, ukituambia: "Maji ya mugeni inapita kwanza mu kitambaa. Na nyinyi watoto njo wageni wangu."

Nakuuliza kwa heshima yote, na ukinikasirikia nitavumilia. Je, maji ya chupa zangu yalipita kwenye kitambaa?

Mtoto wako anayekupenda,
Odette

*

Kindu, tarehe 9 Machi 2025

Odette binti yangu,

Chakula kipo. Mihogo ya Kailo inafika, samaki wanafika, chumvi imepanda. Nimepokea mama mmoja na watoto wake waliotoka Kivu kwa miguu, wanalala kwenye chumba cha Alain. Kwa hiyo sikuambii tu kwamba tunamshukuru Mungu, ingawa tunamshukuru.

Ndiyo, yalipita. Yalikaa kwanza kwenye beseni yakatulia, nikamimina ya juu, nikapitisha kwenye kitambaa kilichokunjwa mara nne, halafu nikajaza chupa. Ulitaka nifanyeje? Umebandika jina langu. Chupa inapanda ndege, inafunguliwa mbele ya maprofesa, imeandikwa Albertine, na ndani matope yenye kinyesi cha mbuzi wa Adolphine? Ungeniambia unataka uchafu, ningekupa uchafu. Wewe uliandika "maji".

Nilikasirika juma zima. Halafu nikaanza kustaajabu, na mpaka sasa nastaajabu. Ile mashine haijawahi kufika Kindu. Haijui harufu ya mtaro. Nimeionyesha maji meupe mara zote hizo, na mara zote imekataa. Darasani kwangu watoto waliandika ninachosema, hata nilipokosea ubaoni. Mwanafunzi mmoja tu wa namna hii ningempata, ningefundisha vizuri zaidi. Na wewe uliyeilea ukaiamini, lakini hukunitupa mimi wala chupa zangu, wewe ninakuheshimu kuliko mashine.

Kuna neno lingine, na ndilo lililofanya barua yangu ya Noeli iwe fupi. Nilikuambia mama yako alikufa kwa homa. Haikuwa homa. Mji ulikuwa umezingirwa, treni haiji, baba yako amekwama Lubumbashi. Jua liliwaka muda mrefu, halafu mvua kubwa ya kwanza ikaja, na watu walicheka barabarani kwa mara ya kwanza baada ya miezi. Dada yangu aliteka kwenye chemchemi. Aliacha maji yatulie mpaka yakawa meupe kama kioo, akanywa. Alianza kuhara usiku. Hakukuwa na dawa hata moja mjini. Siku ya tatu tulimzika.

Nilikuambia homa kwa sababu ulikuwa na miaka sita, na kila siku ilibidi unywe. Ningekuambia maji ndiyo yamemuua mama yako, ungekunywa nini?

Tangu siku ile hakuna maji yaliyopita mikononi mwangu bila kitambaa, na nilipopata kuni niliyachemsha. Kuni zilipokosekana nilivunja lile kabati kubwa la harusi, ubao baada ya ubao. Zéphirin alirudi kutoka kazini akakuta nguo sakafuni. Alitafuta shoka.

Sasa niambie ukweli, bila kunihurumia. Kitambaa kilifanya kazi au hapana?

Ndani ya sanduku mna chupa za mvua tatu. Ni uchafu mtupu, sijagusa kitu. Nimefunga macho wakati wa kujaza.

Albertine

*

Kinshasa, tarehe 22 Aprili 2025

Mama Mudogo wangu,

Wote wazima. Sitasema zaidi ya hapo kuhusu sisi, kwa sababu nina mengine.

Barua yako niliisoma kwenye ngazi za chuo. Nililia kwa ajili ya mama, halafu nikalia kwa ajili yako, kubeba jambo hilo miaka yote na kunipa kikombe kila asubuhi kwa uso wa kawaida. Hujanidanganya. Umeninywesha.

Umeomba ukweli. Kitambaa kinazuia matope, na vijidudu vilivyoshikana na matope vinazuiwa sehemu. Vingine vinapita. Ndiyo maana Roger aliviona kwenye maji yako meupe, na ndiyo maana maji ya mama yalikuwa meupe pia. Kilichonifikisha hapa ni moto, Mama Mudogo, ni lile kabati. Nimekuwa nikijiuliza tangu utotoni kwa nini nyumbani kwetu nguo zilikaa kwenye masanduku. Kumbe kabati la harusi yako nililinywa mimi.

Kabla ya kufungua chupa zako nilifanya mtihani wa mwisho, mbele ya Profesa Okito. Niliieleza mashine mvua zile tatu na jua lililotangulia, ikaandika makisio yake. Halafu tukapima. Imekosea kidogo kwenye ile ya pili, hizo nyingine imepatia. Profesa aliinua chupa yako ya kwanza kwenye mwanga. Ilikuwa nyeusi, hakuna kilichoonekana upande wa pili. Akasema polepole: "Hii njo chupa nzuri kabisa ya kazi yako." Akaniomba nikufikishie heshima zake.

Zile chupa za kitambaa sijazitupa. Nimezipa sura yake yenyewe kwenye kitabu cha kazi yangu, kwa sababu zinaonyesha kile ambacho chupa nyingine zote haziwezi kuonyesha: kwamba maji yanaweza kuwa meupe na kuua. Nilisoma sura hiyo kwa video mbele ya wakuu wa mji tarehe 15. Ramani mpya imepaka depo nyekundu kuliko soko. Mmoja wao aliuliza kama tunaweza kuiamini mashine. Nikamjibu kwamba ilimkatalia Mwalimu Albertine, na wawili kati yao, ambao wamepita darasani kwako, walicheka mpaka mwenyekiti akagonga meza. Ukuta unakuja kwenu.

Mpaka ujengwe, nitaipa mashine utabiri wa hali ya hewa, na siku itakapoona hatari nitamtumia Roger ujumbe. Tafuta alama ya kutundika kwenye chemchemi, ili akina mama wasiteke siku hiyo. Na Mama Mudogo, hata siku nyingine, chemsheni.

Odette wako

*

Kindu, tarehe 13 Mei 2025

Odette binti yangu,

Jambo sana, na salamu kwa Yannick, ambaye nasikia sasa anapika wali bila kuuchoma. Goti ni lile lile. Wageni wangu wa Kivu bado wako, na mtoto wao wa mwisho ameanza kuniita Koko, kana kwamba mimi ni bibi yake.

Ujumbe wako wa kwanza ulifika Jumatano asubuhi. Anga lilikuwa jeupe, na kwa siku nyingi hakukuwa na tone. Roger alikuja mbio. Nilichukua kile kitambaa cha meza, nikakitundika juu ya chemchemi, kwa kuwa hapa Depo hakuna asiyekijua. Mvua ikaja alasiri, kubwa. Ilipokatika, akina mama walifika na ndoo wakakikuta. Jirani yangu Mimi akasema maji yametulia, yamekuwa meupe, kwa nini wasiteke. Nikawaambia kile ambacho sijawahi kumwambia mtu kwenye avenyi hii: "Dada yangu Béatrice alikunywa maji nyeupe vile." Jirani Mimi akageuza ndoo yake, na wengine wakamfuata.

Mpaka leo hakuna mtoto aliyeugua. Najua siku moja si ushahidi, wewe ungeniambia nifiche majibu na kungoja mtihani mwingine. Nangoja.

Mafundi walifika juzi na kamba na vigingi. Mzee Tharcisse amekwenda kuwasimamia bila kuombwa, anawasumbua sana.

Ndani ya sanduku kuna chupa ya ile mvua ya Jumatano. Haijapita kwenye kitambaa, kitambaa kilikuwa kazini. Ni chafu kuliko zote nilizowahi kukutumia. Karatasi yako ya jina nimeibandua, nikabandika yangu, kwa sababu uliandika Albertine tu na maalbertine ni wengi. Nimeandika Albertine Kasanda, mwalimu, dada ya Béatrice. Wasomee hivyo hivyo.

Mama yako mdogo